Sahani ya Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nimetoka Tabora mjini siku iliyotangulia, kwa basi mpaka Igunga, kisha kwa bodaboda mpaka upande wa Ziba. Gauni langu la ualimu nilikuwa nimelipiga pasi ya mkaa mpaka likaanza kung'aa mgongoni. Nilisimama pale nje nikirudia moyoni somo langu la kwanza la Historia. Nilikuwa nimelikariri lote, pamoja na mahali pa kutabasamu.

Mkuu wa Shule alikuja kwa baiskeli. Alikuwa mzee mrefu, mwalimu wa Hisabati, na mguu mmoja wa suruali aliubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usinaswe na mnyororo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kujitolea?"

"Ndiyo, Mkuu. Historia na Kiswahili."

"Utafundisha Baiolojia."

Nilidhani hajanisikia vizuri. "Mkuu, kidato cha sita nimesoma Historia, Jiografia na Kiswahili. Baiolojia niliiacha kidato cha nne."

"Wa Historia ninao. Wa Baiolojia amehamishwa na watoto wanakaa na madaftari matupu. Viumbe hai navyo vina historia yake. Ingia, chai iko tayari."

Kumbukumbu za kazi kwa kawaida huandikwa na wazee waliostaafu, wenye miwani na wajukuu. Mimi sina miaka thelathini bado, na kazi ninayoieleza niliifanya miaka minne tu. Lakini ilikuwa kazi nzima, ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, na imekwisha. Nakuandikia wewe utakayesimama mbele ya darasa kesho kutwa, hasa kama ni mwoga kama nilivyokuwa mimi.

Nilikuwa mwoga sana. Swali la mwanafunzi lilinitisha kuliko nyoka. Somo la dakika arobaini nililiandaa Jumapili nzima, nikaandika hata majibu ya maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Kitabu cha kiada nilikisoma kama watu wanavyosoma maandiko, nikirudia sentensi moja mpaka ifunguke, kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza. Nikikosea neno moja ubaoni nilifuta ubao wote. Wanafunzi walinivumilia kuliko nilivyojivumilia mwenyewe.

Shule ilikuwa na hadubini moja, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Kioo chake cha chini, kinachonasa mwanga wa jua na kuupeleka juu, kilikuwa kimevunjika, na aliyenitangulia alikuwa amebandika kipande cha kioo cha kunyolea. Nilijifunza kuitumia peke yangu wakati wa likizo. Unachukua kitunguu, unabandua ile ngozi nyembamba ya ndani, unailaza juu ya kipande cha kioo, unadondoshea ayodini ili ipate rangi, kisha unafunika. Siku za mwanzo niliona kope zangu tu. Baadaye nikaona miduara mizuri yenye kingo nyeusi, nikaruka kwa furaha, nikaichora na kuipaka rangi. Ilikuwa viputo vya hewa. Siku nilipoziona seli zenyewe, zimepangana kama matofali ya ukuta, kila moja na kidoa chake cha kiini, nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara nikalia kidogo.

Darasani tulitakiwa kutumia Kiingereza, na tulikitumia, kisha tukalirudia somo kwa lugha iliyoingia kichwani. Niliwachorea watoto seli kama mji wa Kisukuma, yaani boma la familia moja. Uzio wa minyaa unaozunguka mji ndio ukuta wa seli. Lango linalochagua nani aingie na nani abaki nje ndilo utando. Nyumba ya babu, ambako amri zote hutoka, ndiyo kiini.

"Na zizi la ng'ombe, madamu?" aliuliza Minza, msichana wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kumaliza kipindi bila kunyoosha mkono.

Sikuwa nimeandaa zizi. Masikio yaliniwaka moto. Mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa, maana kila muhula alibeba kiti chake mwenyewe akaingia kukagua kipindi cha kila mwalimu. Nikababaika, nikataja kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini.

Baada ya kipindi aliniita kando. "Umefundisha vizuri mpaka kwenye zizi. Pale ungesema, sijui, nitalitafuta."

"Wataniona sijui, Mkuu."

"Kwani unajua?"

"Hapana."

"Basi wataona kweli. Kisha ulitafute, maana huyo Minza atakudai."

Sentensi hiyo, sijui, nitalitafuta, ndiyo chuo changu cha ualimu. Wenzangu waliopita chuoni wana vyeti ukutani. Mimi nina hiyo.

Jambo jingine alilonipa Mkuu lilikuwa sinia. Saa saba mchana walimu wote tulikula pamoja kwenye baraza la stoo. Mama Kabula, mpishi wetu, alipita na birika akitumiminia maji mikononi, mmoja mmoja, kisha akaleta ugali kwenye sinia moja kubwa, na mlenda na dagaa katikati. Mkuu alimega wa kwanza. Pale ndipo shule ilipoendeshwa kwa kweli. Vipindi viligawanywa pale na ugomvi ukaishia pale. Mwalimu wa Taaluma, ambaye kazi yake ni ratiba na mitihani lakini kipaji chake ni kutania watu, ndiye aliyenibatiza jina pale, Madamu Kitunguu, na kufikia Ijumaa shule nzima ilikuwa inaniita hivyo. Na ukila kwa unyonge, Mkuu anakuona. "Mwalimu, leo unakula kama mgeni. Kuna nini?" Hakuna homa, msiba wala barua mbaya iliyopita kwenye sinia lile bila kuulizwa.

Mwaka wangu wa tatu Mkuu alianza kukohoa.

Mwanzoni tulisema ni vumbi, kwa kuwa ulikuwa msimu wa pamba na malori yalipita mbele ya shule kutwa. Vumbi likatulia, kikohozi kikabaki. Mkanda wa suruali yake ukaongezewa tundu, kisha jingine. Baiskeli akaanza kuisukuma kwa mkono kwenye kile kilima kidogo cha getini. Pale kwenye sinia, alipogeuka pembeni kukohoa, mikono yetu ilisimama hewani.

Siku ambayo Mkuu alikuwa kwenye kikao Igunga, Mwalimu wa Taaluma, tuliyemwita Taaluma tu, akasema, "Jamani, Mkuu ni mtu mzima. Si vizuri tugombanie naye tonge kama watoto. Atengewe sahani yake, apelekewe ofisini. Iwe heshima."

Tuliitikia haraka sana. Hakuna aliyetaja kikohozi. Huku kwetu mkubwa haambiwi kwamba anaumwa. Unamwamkia, anakuitikia marahaba, na hiyo marahaba inamaanisha yuko salama. Mama Kabula akatafuta sahani ya maua ya buluu, akaifunika kwa nyingine, juu akatandika kitambaa cha kufuma kutoka nyumbani kwake. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili akashukuru.

Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, na kwa ajili ya vumbi la malori lilikuwa limepigiliwa ubao kwa misumari. Akawa anakula mle peke yake. Nasi tukawa tunaingia mle kumwona, mmoja mmoja, na mlango tunaufunga kwa adabu.

Kwenye muhtasari wa masomo zamu ya magonjwa ya kuambukiza ilifika. Kwa hili Historia yangu haikunitupa. Niliwaeleza watoto njia ya zamani ya misafara, wapagazi waliotoka pwani kwenda Ujiji, walivyopumzika Tabora, wakala pamoja, wakalala pamoja, wakakabidhiana mizigo. Ndui iliposafiri nao, ilifika kila kambi kwa mwendo wao uleule.

"Kwa hiyo madamu," Minza akasema, "malori ya Igunga ndiyo misafara ya sasa?"

"Malori, mabasi, na wewe ukienda mnadani."

Wakacheka. Tukaona kwamba kila ugonjwa una njia yake, kama wasafiri. Kipindupindu hupitia maji na mikono michafu. Malaria hubebwa na mbu. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha kifua kikuu. Niliandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, nikamwona Mkuu anaingia na kiti chake. Alikwenda zaidi ya pale anapokaa siku zote, akakiweka kwenye dirisha la mwisho, lile lisilo na kioo.

Nilifikiria kufuta ubao niseme tunarudia kipindupindu. Minza alikuwa ameshanakili kichwa cha somo na kukipigia mstari.

Nikafundisha. Bakteria ni kiumbe cha seli moja, mji mzima wenye nyumba moja tu. Huyu wa kifua kikuu husafiri kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na hupenda chumba kilichofungwa. Mahali penye upepo na jua hana nguvu. Hapiti kwenye sahani, wala kikombe, wala kupeana mikono. Nilipofika hapo nilisikia sauti yangu ikipungua. Kisha dalili, ambazo nilizisoma nikiwa nimeuelekea ubao: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, jasho jingi wakati wa kulala, kupungua mwili. Nilipogeuka, hakuna hata shingo moja iliyotazama nyuma. Ndipo nilipojua kwamba darasa zima linawaza mtu mmoja.

Minza alinyoosha mkono. "Madamu, kama mgonjwa ni mtu mkubwa, nani anamwambia aende kupima?"

"We, kaa chini," mwenzake akamnong'oneza.

Nilijifuta chaki vidoleni. Kutoka nyuma sauti ya Mkuu ikasema taratibu, "Mwalimu, umeulizwa swali."

Nilisema kilichonijia. "Anamwambia yule anayekula naye. Ndiye anayeona tonge limebaki."

Lori likapita. Tulisubiri mngurumo uishe.

"Na kama anakula peke yake?" Mkuu akauliza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuona haya. "Sijui, Mkuu. Nitalitafuta."

"Litafute." Akanyanyua kiti chake akatoka, na tulimsikia akikohoa ukutani kwa nje, kwa muda mrefu.

Sikuweza kufanya kazi nyingine asubuhi ile. Niliwaza nitafukuzwa, nitarudi Tabora na mama ataniuliza nimefanya nini. Saa saba nilikwenda jikoni nikamwomba Mama Kabula sahani.

"Napeleka mimi leo."

Alinikazia macho. "Ng'wanawane, mwanangu, usikae sana mle."

Nilipofungua mlango wa ofisi, Mkuu aliinua kiganja. "Simama hapohapo mlangoni. Si wewe unayefundisha hewa?"

Nikasimama, sahani mikononi.

"Hii sahani," akasema, "ilipoanza kuja nilijua mmegundua. Nikasema hawa watoto wana adabu. Wameniepusha nisiwaambukize, na hawajanitia aibu."

"Sahani haiambukizi, Mkuu. Ni hewa."

"Nimesikia leo." Alitazama dirisha lililopigiliwa ubao. "Kumbe mmenitenga na ugali, hewa mkaniachia."

Alisema kwa namna ambayo nilicheka huku machozi yakinitoka. Nikamuuliza kwa nini haendi kupima.

"Nimekaribia kustaafu. Nimewafundisha hawa, na baba zao nimewafundisha. Sitaki nije nikumbukwe kwa jina hilo. Mwalimu wa kifua kikuu."

"Mimi naitwa Madamu Kitunguu, Mkuu, na sijafa."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akainama, akajifunika mdomo kwa leso. Alipotulia alikuwa amechoka kabisa, na nilimwona jinsi alivyokonda. Nilisema, "Kesho tunakwenda. Mimi na wewe."

"Kesho una kipindi."

"Nitakihamisha."

"Nani atakupa ruhusa?"

"Wewe, Mkuu."

Akakunja leso yake. "Haya," akasema. "Nimekupa."

Kwenye kituo cha afya tulikaa kwenye benchi la nje, penye upepo. Alitoa makohozi kwenye kikopo, tukasubiri. Mtaalamu wa maabara alipotuita, alieleza kwa upole kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, na kwamba dawa ni za miezi sita bila kuruka hata siku moja. Mkuu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hesabu rahisi. Kisha akanionyesha kwa kidole.

"Nakuomba, umruhusu huyu atazame kwenye hiyo hadubini. Ni mwalimu wangu wa Baiolojia."

Mtaalamu akasogea. Niliinama. Kwenye uwanja wa buluu niliviona vijiti vyembamba vyekundu, vichache, vimelala huku na huko. Miaka mitatu nilikuwa nimeangalia kitunguu, na siku zote nilikuwa nikihangaika nisionekane sijui. Pale sikuwaza habari yangu hata kidogo. Niliwaza tu kwamba vitu vidogo kiasi kile vilikuwa vinammaliza mtu mzima, na kwamba sasa vimeonekana.

Mkewe alipimwa, na walimu wote tukapimwa. Hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Mkuu alibaki nyumbani wiki za mwanzo za dawa. Mimi nilimpelekea mitihani ya Hisabati ya kusahihisha, tukakaa uani, yeye amevaa barakoa, tukabishana kuhusu alama.

Ubao wa dirisha la ofisi aliutoa Taaluma kwa mkono wake. Aling'oa misumari yote kwa nyundo, jasho likimtoka, nami nikashika ubao usianguke.

"Madamu Kitunguu, ulijua kwamba sahani haina neno?"

"Nilisoma kitabuni. Nilitaka kwanza niwe na uhakika."

"Nasi tulitaka tuwe na heshima," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

Dakta aliporuhusu, Mkuu akarudi kazini kwa bodaboda, akitusalimia kwa mkono tangu getini. Saa saba akaja barazani akasimama pembeni, hajui akae wapi. Mama Kabula, kwa mazoea au kwa aibu, alikuwa ameleta ile sahani ya maua ya buluu na kitambaa chake. Mkuu akanyoosha mikono miwili kuipokea.

Niliichukua mimi. Sikuwa nimepanga wala kurudia moyoni. Niliipindua juu ya sinia, ugali wake ukaangukia ugali wetu, dagaa wake wakaingia kwenye mlenda. Mama Kabula akamimina maji, Mkuu akanawa, akakaa, akamega tonge. Mikono yetu ilikuwa mapajani. Kisha Taaluma akajisogeza, akapeleka mkono wake ng'ambo yote ya sinia, akamega upande uleule wa Mkuu, palepale pembeni ya kidole chake.

"Mkuu," akasema mdomo ukiwa umejaa, "leo unakula kama mgeni. Kuna nini?"

Mkuu alicheka, na hakukohoa.

Alimaliza dawa. Mkanda ukarudi kwenye tundu la zamani. Nami mwaka wa nne ukafika mwisho, kwa kuwa tulipangiwa mwalimu wa Baiolojia wa kuajiriwa, kijana mwenye shahada. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiomba siku hiyo kila nilipokwama. Bado nilisikia kama ninanyang'anywa mtoto. Taaluma akawa ananipigia magoti kila asubuhi: "Mstaafu, shikamoo!"

Nilimkabidhi kijana maabara. Nikamwonyesha jinsi ya kubandua ngozi ya kitunguu. Alinitazama, kisha akachukua kioo chembamba cha kufunikia akakishusha kwa mshazari, upande mmoja kwanza, polepole. Hakukuwa na kiputo hata kimoja. Jambo lililonilia likizo nzima alilifanya huku akiniuliza maji ya kuoga yanapatikana wapi. Nilihisi wivu, ukapita, ikabaki furaha. Watoto wa Minza, siku wakizaliwa, hawatachora viputo.

Kama nina cha kukuachia, ni hiki. Andaa somo lako, lakini usijiandae wewe mpaka ukauke. Wanafunzi hawahitaji mtu asiyekosea. Wanahitaji mtu ambaye swali lao likimfikia, anabaki nalo na kulibeba mpaka mahali linapotakiwa kufika, hata kama ni mlangoni kwa mkubwa wake, na sahani mkononi.

Siku yangu ya mwisho, saa saba, mwalimu mpya alikaribishwa barazani. Mama Kabula, kwa kuwa ni mgeni na ni msomi, alikuwa amemtengea. Sahani ya maua ya buluu, imefunikwa, na kitambaa cha kufuma juu. Kijana akainuka kidogo kuipokea kwa mikono miwili.

Mkuu akamtangulia. Aliifunua taratibu, akaipindua juu ya sinia, akasawazisha ugali kwa vidole.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Hapa tunakula pamoja. Kuna binti mmoja darasani kwako aliwahi kutuuliza nani amwambie mkubwa akapime, na hatujapata jibu jingine."

Kijana aliangalia huku na huku akitafuta pa kukaa. Nikasogea kumpisha.